Shimo la Ndizi la Ukoo Wetu

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka minane, na taabu ya mauaji ilianza kwetu mwaka huo. Tulitoka Gishubi, kilima chetu, tukavuka mpaka kukimbilia Tanzania, mama amebeba sufuria, mimi nimebeba kifuniko chake. Kifuniko nilikipoteza njiani, na mama alinisimanga kwa kifuniko hicho mpaka anafariki.

Huko Tanzania nilisoma mpaka darasa la pili, nikaacha. Sioni aibu. Historia ya wafalme sikufundishwa, lakini ya ukoo wangu naijua, maana mama aliifundisha kila mahindi yalipokauka. Ni fupi. Nyumbani kwetu, karibu na jiko, palikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, sisi tunaliita urwina. Unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo, unangoja. Babu alitumbukia humo mwaka wa njaa, akimfukuza kuku wa mwisho. Baba alitumbukia siku ya harusi yake, wakwe wote wanatazama. Basi, historia imekwisha.

"Na walitoka?" niliuliza kila mara, ingawa nilijua.

"Wasingetoka wewe ungezaliwa na nani, mjinga? Walitoka. Babu yako alitoka na kuku mkononi. Katika ukoo huu hakuna aliyebaki shimoni."

Nikalala na njaa yangu, nacheka.

Amani iliporudi nilikuwa mtu mzima. Mke na watoto niliwaacha kwanza kule, nikasema nitawaita nikipata pa kuwaweka. Niliingilia Muyinga, nikakaa kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa mjini, mzee mwenye mdomo. Mimi nilimchomea matofali ya nyumba yake, yeye akanishonea suti. Tulipatana hivyo.

"We unaongea kama redio," alinicheka kwa Kiswahili changu cha Tanzania. "Watu watafikiri uko unasoma habari."

Suti aliishona kwa kitambaa cha pazia: kijani, na maua ya njano makubwa kama sahani. Nilipolalamika akanikatiza.

"Mbele ya wazee usiende kama mkimbizi. Enda kama mtu iko na kwao."

Nikaenda Gishubi hivyo hivyo, na maua yangu.

Shamba letu nikakuta analilima mama mmoja mjane, umri wa kunizaa. Alinitazama kuanzia kola mpaka miguuni.

"Harusi iko upande gani?" akauliza.

Nikamwambia hapa ni kwa baba yangu. Akatema mate pembeni.

"Hapa nilikuta pori tupu. Hapajawahi kukaa mtu. Rapatriye, umekosea kilima." Rapatriye ndivyo walivyotuita wakimbizi tuliorudi.

Tukaitwa mbele ya bashingantahe, wazee wa kilima wanaoamua kesi, hapo hapo shambani. Nyumba ilikuwa imebomoka zamani, miti imekatwa, hata mawe ya jiko hayapo. Wazee wakaniambia: onyesha alama yoyote ya kwenu, tuione kwa macho. Ukikosa, rudi ulikotoka, usituchoshe. Nikamfikiria mke wangu kule, amefunga mizigo, anangoja kuitwa.

"Alama ninayo," nikasema kwa sauti kubwa. "Kuna shimo la ndizi. Nalijua kama kiganja changu."

Uongo. Nilijua kuwa lipo tu. Nikashika jembe, na suti yangu mwilini, nikachimba kwenye viazi vitamu. Nikapata viazi vitamu. Nikahamia kwenye maharage, maharage yakafa. Nikarudi kwenye viazi. Yule mama alinifuata nyuma na kikapu, anaokota.

"Endelea, mwanangu. Mgongo wangu unakushukuru."

Jua likapanda. Mzee mmoja akasinzia, mwingine akauliza kama hapa hakuna hata maji ya kunywa. Mimi jasho linachuruzika, rangi ya pazia imeanza kuchuja, shingo ya kijani. Mwishoni nikaweka jembe chini. Nikasema, wazee wangu, nimeshindwa. Nikaaga kwa heshima, nikaondoka kinyumenyume, maana wazee hawapewi mgongo.

Hatua chache tu, majani yakaachia. Nikashuka na suti yote. Nilikalia kitu laini, cha moto moto, kinachonukia utamu.

"Ndizi zangu!" yule mama akapiga yowe.

Hakusema mtu amekufa. Ndizi zake.

Mzee mkubwa kuliko wote akaja ukingoni akiegemea fimbo, akachungulia, kisha akamgeukia.

"Mama, shimo hili ulichimba wewe?"

"Mimi na mgongo huu? Nililikuta."

"Ulilikuta kwenye pori tupu? Pori lilikuwa linajiivishia ndizi lenyewe?"

Yule mama akainamia kikapu chake cha viazi. Mzee akanichungulia tena, mabega yakaanza kumtikisika.

"Sasa napatambua. Nilipokuwa kijana nilikula harusi hapa. Bwana harusi alitoka humu na ganda la ndizi kichwani. Hebu jipapase, weye."

Nikajipapasa. Ganda lipo. Wazee wakacheka mpaka aliyesinzia akaamka na kuuliza amekufa nani. Mimi nikalia humo shimoni, nikajifanya nami nacheka. Babu, baba, na mimi.

"Nitoeni basi," nikasema.

"Si mnatokaga wenyewe?" akasema yule mama, maana hadithi nilikuwa nimewapigia asubuhi nzima. Lakini yeye ndiye wa kwanza aliyeninyooshea mpini wa jembe.

Wazee wakagawa: juu penye shimo pangu, chini penye viazi pake. Makubaliano tukayanywea pombe ya ndizi zile zile nilizozikalia. Walisema imekolea vizuri. Sikuwaeleza kitu. Suti nikaipeleka Muyinga ifuliwe, fundi akaitupa mlangoni: "Iko inanuka pombe! Mi Mwislamu, itoe!"

Mke nikamwita wiki hiyo hiyo.

Siku hizi vijana wanakuja kwangu kulia: mafuta hakuna, sukari hakuna, mzee tutaishi vipi. Nawapa historia yangu, babu na kuku, baba na wakwe, mimi na maua. Wanasema mzee, hiyo si historia. Nawajibu waniletee yao, tuone ina watu wangapi waliotoka.

Leo nina nyumba ya matofali niliyochoma mwenyewe, bati juu. Ng'ombe mmoja. Mbuzi watano wasio na adabu. Baiskeli. Migomba mpaka mtoni. Mke yule yule. Watoto sita, mmoja anafundisha Mushasha. Jirani mmoja kikongwe, anayeivisha ndizi zake kwangu bila kuomba. Suti moja ya pazia, haivaliki. Shimo. Na ngazi ya miti, inakaa humo humo shimoni.