Karatasi ya Manila Jikoni kwa Mama

Mwanangu, kabla hujawaingiza wafanyakazi katika jiko lako la biashara, keti kwanza. Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata harusi yangu.

Miaka ya tisini, serikali iliporuhusu biashara huria, bibi yako alikuwa anakaanga dagaa wa kuuza hapa mtaani kwetu Igogo. Aliwaloweka katika maji ya ukwaju, tangawizi na majani fulani, akipima kwa kiganja, mlango ameufunga. Mifuko yake ilifika hadi Shinyanga. Siri ile aliniambia mimi tu.

Nami nilikuwa nasomea ualimu, kichwa kimenivimba. Likizo moja nikabadili kiganja chake kuwa vijiko na dakika, nikaandika yote kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani ili hata Mama asipokuwepo wafanyakazi waloweke bila kukosea. Mama hakujua kusoma. Alidhani nimempambia jiko.

“Imependeza,” alisema.

Deus, mkaangaji wetu, alijua kusoma. Aliacha kazi, na muda si mrefu tajiri mmoja wa Kirumba akawa anauza dagaa wenye ladha ileile, kwa bei ya chini. Wateja wakahama.

Tukaenda kwa wakili.

“Shikamoo mama,” alimwamkia. “Mahakama inaweza kumzuia tajiri asiuze, ikaamuru yeye na Deus warudishe walichonakili na wakulipe fidia. Ila lazima tuonyeshe kwamba ilikuwa siri, na Deus alijua hivyo. Mliitunza wapi?”

Mama akanitazama mimi, msomi wake.

“Ukutani,” nikajibu.

“Nani alikuwa anaingia humo?”

“Kila mtu.”

Wakili akaweka kalamu chini.

Njiani Mama hakunigombeza, na nilitamani sana anigombeze. Alisema tu, “Kumbe lile pambo lilikuwa linasema.” Hakukaanga dagaa tena. Alifariki akiuza mkaa, na mpaka leo inaniuma.

Basi mwanangu, siri ya kazi yako ifungie. Atakayelazimika kuijua, mwambie waziwazi kuwa ni siri, atie sahihi kwamba ataitunza kabla hajashika mwiko. Ikiibwa, wahi kwa wakili siku hiyohiyo; sheria ina meno, lakini itakuuliza kwanza wewe uliilindaje.

Yale majani nitakunong'oneza leo, hukuhuku jikoni. Mungu aibariki mikono yako, na bibi yako, huko aliko, anisamehe.