Kibanda Kikae Pembeni

Jumatatu nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, Mapinga, nasubiri barua yangu igongwe muhuri. Kikao kilikuwa kimechacha: mzee anayelala sokoni, chini ya meza za samaki, asaidiwe vipi?

"Nyumba ya matofali, vyumba viwili," alisema mwenyekiti, akikunjua mchoro.

"Ndoto hizo! Tumpe turubai," alijibu mjumbe mmoja.

Wakabishana saa nzima. Mjumbe mwingine, mama wa makamo, alikuwa sakafuni anasuka makuti bila kuinua kichwa, rundo limemfika magotini. Alipomaliza akauliza, "Mwenyekiti mwanangu, kiwanja kipo?"

"Kipo, mama."

"Basi leo tumsimamishie kibanda, lakini kikae pembeni. Katikati tusipaguse, ni pa msingi wa nyumba yako ya matofali." Akamgeukia yule wa turubai. "Na wewe, nibebee makuti haya."

Mwenyekiti akachukua kalamu, akachora kibanda kwenye kona ya mchoro wake.

Safu hii imeshaandika sana habari za watu wasio na makazi. Haijawahi kusuka hata kuti moja.