Kisogo cha Bundi

Leo nimefika kwenye pagale moja huko Boko, kamera shingoni, kumpiga picha bundi. Harufu ya saruji yenye unyevu na kinyesi cha ndege ikanipokea mlangoni, na miguu ikagoma kuingia.

Nilipokuwa mtoto, bundi alihamia kwenye pagale lililopakana na kwetu, wiki ile ile mama aliposhindwa kuinuka kitandani. Shangazi alisema bundi humwita mtu wa nyumba anayoitazama. Mama alimsikia akisema hivyo. Mchana, shangazi alipokwenda dukani, mama akanipa simu yake.

"Kampige picha, mwanangu. Kama katupa kisogo, tumepona."

Nilipanda ngazi za zege huku nikiomba Mungu. Bundi alikuwa kwenye dirisha la upande wa pili, mweupe kama unga, kaipa mgongo nyumba yetu. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nikainua simu kwa mikono miwili, nikabonyeza, simu ikalia, ikachelewa kupiga.

Mgongo haukusogea. Kichwa tu kiligeuka, taratibu, mpaka uso wote ukakaa juu ya mgongo, ukinitazama mimi na, nyuma yangu, dirisha la mama. Picha ikatoka hivyo.

"Enhe?" mama aliuliza.

"Katupa kisogo, mama."

Alinyoosha mkono, akaichukua simu. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akapangusa kioo kwa pindo la khanga, kisha akanivutia kifuani.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Katupa kisogo."