Oili ya Bure

Kitu cha kwanza ambacho baba mdogo alitupatia bure tangu tumzike mama kilikuwa oili chafu. Madumu manne ya ile oili nyeusi inayomwagwa gari likifanyiwa sevisi. Aliyapanga mbele ya mlango wetu kule Uthiru kama mtu aliyeleta mahari.

"Pakeni hiyo fensi yenu kabla ya mvua," akasema. "Na pakeni sana huku chini, mpaka udongo unywe. Mchwa hawatasogea."

Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanidhania mjanja kuliko nilivyokuwa.

Uzio huo ulikuwa kati ya ploti yetu na yake. Babu aliwagawia wanawe wawili ardhi, baba akachukua upande wa barabara na huyu mdogo wake akachukua upande wa mtoni. Mpaka uliwekwa kwa matoka, yale maua yenye majani marefu mazito na kiazi kama kitunguu kikubwa, ambayo watu wa kwetu huyapanda mpakani mbele ya mashahidi, kila upande ukiweka mkono wake. Hata itoka moja halifi kirahisi. Ng'ombe hulikanyaga, jua hulichoma, panga hulikata, na mvua ikinyesha linachomoza tena mahali palepale. Kuling'oa kwa makusudi ni aibu ambayo mtu huzikwa nayo. Uzio wa mbao ulikuja baadaye. Mama aliusimamisha kando ya matoka ili kuzuia ng'ombe wa shemeji yake wasile sukuma wiki zake.

Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Sikurudi shule. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba na wa kiume darasa la tatu, na mtu alipaswa kuwalisha, kwa hiyo nikapata kazi ya kufua na kusafisha kwenye nyumba moja ya Lavington, mtaa wa matajiri. Wiki ileile baba mdogo alikuja kutueleza mipango yake.

"Msichana ni mgeni tu kwao," alisema, akiwa amekalia kiti cha baba. "Wewe utaolewa, huyu naye ataolewa, na kijana bado anakojoa kitandani. Wacha niwashikie shamba."

"Tunalishika wenyewe, anko."

"Na nini? Na hiyo fensi?" Akacheka. "Siku ikianguka, mimi nitaweka yangu panapofaa."

Majirani walimsikia akirudia maneno hayo hata kwenye kioski. Na uzio ulikuwa unaanguka kweli. Nguzo zilikuwa zimeoza pale zinapoingia ardhini, ukizisukuma zinacheza kama jino la mtoto. Basi nikaanza kununua mabanzi, yale magamba ya nje yanayobaki mashine ikishapasua gogo. Nilinunua fungu moja moja kila mshahara, na nguzo za kutosha, nikazipanga nyuma ya nyumba. Lakini mbao tupu kwenye udongo wetu haimalizi miaka miwili mchwa hawajaigeuza unga. Nilikuwa nimeuliza bei ya vanishi ya mkebe katika duka moja la Westlands, na muuzaji alinitazama ndala kabla ya kunijibu. Unaona kwa nini nilishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi moja mimi na dada yangu tulijaribu ile oili kwenye nguzo mbili za zamani. Tulifuata maagizo, tukapaka mpaka udongo ukanywa. Dada aliharibu sweta yake ya shule na haikutakata tena. Baada ya wiki mbili majani ya matoka yaliyokuwa karibu na nguzo zile yaligeuka manjano, kisha yakalala. Nikachimbua itoka moja. Kiazi chake kilikuwa laini kama ndizi iliyooza, kikinuka gereji.

Nilidhani nimekosea vipimo. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mzee wa shamba pale kazini Lavington, mtu wa Busia aliyetunza bustani ile kwa miaka mingi. Nje kulikuwa na ukuta wa mawe, lakini ndani kulikuwa na uzio wa mbao wa kuwazuia mbwa wasiingie kwenye waridi, na siku hiyo alikuwa akiupaka dawa. Alikuwa ametandika magunia chini, tone lisifike udongoni.

"Nani alikuambia upake mpaka udongo unywe?"

"Anko wangu. Ndiye alinipatia hiyo oili."

"Na hayo maua, yako na kazi gani hapo?"

Nikamweleza habari ya mpaka. Aliweka burashi juu ya mkebe, akanitazama, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Msichana wangu, huyo anko wako hapaki fensi. Anapalilia."

Nilisimama pale na beseni la nguo kiunoni. Asingeweza kuyang'oa matoka mchana watu wakiona. Lakini yakifa yenyewe, kwa sababu watoto walipaka uzio wao kwa mikono yao wenyewe, nani angemnyooshea kidole? Mwaka ukipita uzio nao ungeanguka, na pasingebaki mstari wowote wa kuonyesha.

"Sasa nifanye nini?" nikamwuliza.

"Miguu ya nguzo, choma. Choma mpaka iwe makaa nje, ndani ibaki mbao. Mchwa hali makaa. Huko juu tafuta dawa ya kuingia ndani ya mbao, si ile ya kukaa juu kama ngozi. Na upake ukiwa mbali na maua, ikauke kabisa ndiyo usimamishe."

Katika mkebe wake kulikuwa na dawa iliyobaki, labda kikombe. Niliiona, na yeye aliona kwamba nimeiona. Sikuomba. Uzio wa mama haukuwa wa kupakwa makombo.

Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda mjini, kule River Road kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ndani ya mfuko nilikuwa na vipande vitatu vya banzi, chupa ya maji na kidumu kitupu. Duka la kwanza walinifukuza. La pili muuzaji alikuwa kijana mwenye mdomo.

"Niaje siste. Unataka rangi ya kucha ama ya nyumba?"

"Dawa ya mbao. Ya kupima, si ya mkebe."

"Iko tatu. Hii inang'aa, fensi yako itakaa kama jeneza ya waziri. Hii nyeusi ni ya lami. Na hii ya kahawia, mchwa ikionja inaandika barua ya kuacha kazi."

"Nipake hapa kidogo kidogo nione." Nikamwekea vipande vyangu kwenye kaunta.

"Ai! Umekuja kununua ama umekuja kufanya mtihani?"

"Mtihani sikuufanya shuleni, wacha niufanye hapa."

Wateja wawili wakacheka, naye ikabidi apake. Nikatoka na vipande vyangu, nikaviweka juani kwenye ngazi ya duka, nikakaa kando yavyo. Watu waliniruka wakipita. Alinipigia kelele mara mbili kwamba ninamfungia mlango, nami nikasogea upana wa kiganja. Jua lilipogeuka niliinuka, nikakwaruza kila kipande kwa ufunguo na kukimwagia maji. Inayong'aa ilibanduka kama ngozi ya maziwa. Ile ya lami ilikuwa bado inanata, ikanitia weusi vidoleni. Ya kahawia ilikuwa imeingia ndani, ufunguo haukuikwangua, na maji yalisimama juu yake kama shanga.

"Inaua mimea?"

"Ikiwa maji maji, inaua. Ikikauka, haina neno." Safari hii hakufanya mzaha. "Siste, wewe ungekuwa inspekta."

"Nipimie hiyo ya kahawia. Na usijaze povu."

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, tuliyabeba madumu ya baba mdogo, mimi na dada, tukayapeleka kwake. Alikuwa na wageni, wanakunywa chai uani. Tukayapanga mbele yake vilevile alivyoyapanga mbele yetu.

"Mmemaliza kupaka?"

"Hatutapaka, anko. Imeua matoka mawili. Mpaka ni wako pia, tukaona tusikuharibie."

Mmoja wa wageni aliyaangalia madumu, kisha akamwangalia yeye.

"Umekuwa mkubwa siku hizi," baba mdogo akasema. "Kufua suruali za matajiri kumekufunza mdomo."

"Kumenifunza kutoa madoa, anko."

Wiki ile tuliwasha moto nyuma ya nyumba na kuchoma miguu ya nguzo, tukizigeuza kama mahindi. Mabanzi tuliyabandua maganda kwanza, maana ndipo wadudu hujificha, kisha tukayapaka juu ya matofali, mbali na mpaka. Harufu ilituumiza vichwa. Dada alitaka tuongeze mafuta ya taa ili dawa itoshe mara mbili pande zote, nikakataa. Ilitosha mara moja upande wetu na mara mbili upande wa baba mdogo. Mvua zetu hupiga kutoka upande huo. Pia nilitaka akiamka asubuhi aone kazi iliyofanywa sawasawa. Tuliyaacha yakauke juani siku saba, ndipo tukang'oa uzio wa zamani na kusimamisha mpya, hatua moja ndani ya matoka, upande wetu, kama mama alivyofanya.

Mvua ilikuja, na baba mdogo akaja nayo. Alileta kamba ya kupimia na mzee wa kanisa aliyekuwa shahidi babu alipogawa ardhi. Madai yake yalikuwa kwamba watoto wamejenga ndani ya shamba lake. Mzee alikuwa amekatizwa chai na hakuficha kero yake. Alitembea kando ya uzio wote, pole pole, akigusa mbao kwa fimbo. Matoka yalikuwa yamechomoza mstari mzima, mengine yameshatoa maua. Akafika penye pengo, akasimama.

"Hapa mbona hakuna?"

"Pana oili, mzee," nikasema. "Nilipaka mimi. Dawa nilipewa na anko, na vipimo vyake."

Mzee aliinama, akachukua udongo, akaunusa. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye alikuwa ameanza kuikunja kamba yake bila kuambiwa.

"Kwa hivyo umenitoa kwa chai nije kuona hii?"

"Mzee, mimi nilikuwa nasaidia watoto..."

Nilikuwa nimengoja siku hiyo. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikarudi na jembe na viazi viwili vya matoka nilivyokuwa nimevitenga kutoka kwenye shina lililozaana.

"Mzee," nikasema, "haya hupandwa na pande mbili. Upande huu ni anko. Upande wetu ni mimi."

"Huyu ni msichana!" baba mdogo akasema. "Toka lini?"

Mzee alinitazama, akautazama uzio, nguzo moja baada ya nyingine. "Huu uzio umesimamishwa na nani?"

Baba mdogo aliendelea kukunja kamba.

"Basi chukua jembe," mzee akamwambia.

Akalichukua. Alipiga magoti ndani ya suruali yake ya kanisani, akaanza kuchimba, nami nikapiga magoti upande wa pili na kiazi mkononi. Alipochimba kidogo akanyoosha mkono nimpe. Dada yangu, aliyekuwa ameegemea uzio, ndiye aliyemjibu.

"Chimba zaidi, anko. Oili bado inaonekana."