Ndoo ya Bati na Maji ya Kisima Kipya

Kwa miaka ishirini na tisa, kila baridi ilipokwisha, bwawa la kuogelea la hoteli ile lilifunguliwa na mtu yuleyule. Wenzake walimwita Daktari, nusu kwa heshima, nusu kwa dhihaka, maana hakumwaga dawa majini bila kuyapima kwanza kama mgonjwa. Hakufundishwa na mtu. Elimu yake aliipata kwenye kitabu kisicho na jalada, kilichotupwa na mgeni mmoja, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku pampu ikinguruma mgongoni. Siku hizi mtu anakwenda semina ya siku mbili, anapigwa picha, anarudi mtaalamu.

Utaratibu wake haukubadilika. Kwanza magadi, ili maji yatulie. Kisha asidi, kidogo kidogo, ili yasiwashe macho. Klorini mwisho, jua likishapoa. Meneja wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akija na kiti chake na kukaa ukingoni. "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" Akiambiwa siku tatu, alitoa siku tatu. Watu wa namna ile wamekwisha. Waliobaki wana simu mbili na hawana dakika mbili.

Mwaka huu bwawa lilijazwa kwa maji ya kisima kipya kilichochimbwa nyuma ya jiko. Alhamisi asubuhi meneja mpya, mama mwenye hatua za haraka, alikuja na fundi wa kampuni ya madawa.

"Mzee, wageni wanaingia majini Jumamosi," alisema. "Yakiwa safi, bwawa ni lako msimu huu pia. Yakikwama, kampuni inachukua, na wewe unahamia kwenye taulo."

Kwenye taulo! Mtu aliyelijua bwawa lile kuliko alivyojua mgongo wake!

Maji yaling'aa hata ungesoma gazeti chini yake. Lakini Daktari alichovya kidole, akakiweka ulimini, akatema. Ladha ya msumari. Maji yale yalikuwa na chuma, na chuma hujificha majini kama mwizi kwenye umati. Klorini ikiingia ndipo kinapojitokeza, na hapo vigae vyeupe havitakasiki tena.

"Yana chuma haya, Mama. Yanataka shabu ya kukusanya uchafu na siku tatu za kupumzika, uzame tuunyonye."

Fundi alitumbukiza kifaa chake, namba zikawaka. "Asidi iko sawa. Ugumu uko sawa. Kifaa hakijaona chuma, Mama."

"Hakijaona kwa sababu hakipimi chuma," alisema Daktari.

"Na ulimi wako unapima, mzee wangu? Una betri?"

Wapishi waliokuwa kwenye dirisha la jiko walicheka. Daktari alikwenda kwenye chumba cha pampu, akaleta ndoo yake nyeupe ya bati, akachota maji, akatia kijiko cha klorini. Hiyo ndiyo njia yake tangu zamani: ukitaka kujua maji yatafanya nini bwawani, yaulize kwanza kwenye ndoo. Robo saa baadaye maji ya ndoo yalikuwa mekundu kama chai isiyo na maziwa.

"Haya, tazama mwenyewe, Mama."

Fundi aliinama, akapitisha kidole ukingoni mwa ndoo, akakiinua juu. Kilikuwa na kutu. Rangi ilikuwa imebanduka zamani, na Daktari, aliyeitazama ndoo ile kila msimu, alikuwa ameacha kuiona.

"Ndoo yenyewe inaoza, halafu tunaambiwa maji mabaya!"

Meneja aliangalia saa. Daktari alishikwa na haya. Kwa mazoea ya mtu aliyekulia enzi ambazo maji hayakumwagwa ovyo, aliinamisha ndoo na kuyarudisha bwawani, mbele ya macho ya wote.

"Nipe nusu saa, Mama. Naleta chombo kisicho cha bati."

Alikwenda nyumbani karibu anakimbia. Mkewe alikuwa anafua kwenye beseni la plastiki.

"Beseni hili? La nguo za mjukuu? Ulitie sumu zako?"

"Mke wangu, naomba."

Mkewe alimtazama usoni, akamwaga povu lote, akampa beseni.

Aliporudi, hapakuwa na cha kupima. Fundi alikuwa amekwisha mimina klorini, na bwawa zima, toka ngazi hadi kina kirefu, lilikuwa na rangi ya matope ya mto uliofurika. Meneja alisimama ukingoni, simu zote mbili zikilia mkononi.

"Mzee, umeweka nini humu?"

"Mimi?"

"Klorini nimeweka kwa kipimo," alisema fundi, macho yake yakikwepa. "Kutu ni yake. Wote mlimwona anaimwaga."

"Ndoo moja, Mama! Ndoo moja kwenye lita laki mbili! Hata mtoto..."

"Uliimwaga au hukuimwaga?"

Daktari aliwatazama wapishi dirishani. Waliangalia sufuria zao.

"Niliimwaga," alisema.

Ulikuwa ukweli, na ukweli ule ndio uliommaliza. Angekuwa mwongo angeweza kubishana.

"Basi," alisema meneja, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko ukali. "Umechoka, Mzee wangu. Nenda kwenye taulo."

Daktari aliondoka hatua tatu, akarudi mbili. "Kijana, usiongeze klorini. Zima pampu, tia shabu, uyaache. Nakuomba. Vigae hivyo nimevisugua kabla hujazaliwa."

"Sawa, mzee, sawa," alisema fundi, kama anavyojibiwa mlevi.

Kibanda cha taulo kina kidirisha kinachoangalia bwawa. Daktari alisimama pale, taulo zikiwa zimepangwa hadi kifuani, akamwona fundi anaviringisha pipa la pili la klorini hadi ukingoni na kulifungua. Akainua mkono wote kumzuia. Fundi akamwona kwa mbali, akadhani anasalimiwa, naye akampungia, kisha akainamisha pipa.