Ubao wa Shemeji Prosdocimo

Shemeji yangu Prosdocimo alikuwa seremala wa milango hapa Padova, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: kunyoosha mbao. Ukimwambia ubao wake umepinda, umemtukania mama yake.

Mwaka ule mwalimu wa hesabu wa chuoni aliagiza ubao mrefu wenye mfereji katikati, wa kuviringishia gololi ya shaba. Juu ya mfereji zilifungwa nyuzi za gambusi, zimeachana sawasawa, ili gololi ilie kila inapozigusa. Prosdocimo aliinua ncha moja ya ubao kidogo, akaiachia gololi. Ta... ta.. ta, ta-ta-ta! Kule chini ilikwenda mbio kama imefukuzwa.

Akawaka. "Mteremko ni mmoja, mbona mlio haulingani? Huku chini kumebonyea!"

Huko chini alikuwa amepiga randa mdogo wake Daulo, mume wangu.

"Kaka, pima kwa uzi uone. Pamenyooka."

"Masikio yangu yana kazi gani? Umeniaibisha kwa watu wa chuo. Toka, na usirudi humu!"

Ndugu waliokula sahani moja tangu utotoni, leo mmoja anafukuzwa kwa ajili ya mlio! Daulo akafunga kifurushi chake, akaenda gatini kungoja mashua ya Venezia, akatafute kibarua kwenye karakana ya merikebu. Mimi nilikuwa mjamzito. Nilikwenda kwa Prosdocimo damu ikinichemka, nikamkuta anashika randa aupige ubao upya.

"Shemeji, ugeuze! Upande wa Daulo uwe juu, wako wewe fundi mkuu uwe chini. Tuone nani mbovu."

"Loo! Mke wa Daulo naye kawa seremala," akacheka. Lakini aliugeuza, anikomeshe.

Ta... ta.. ta, ta-ta-ta!

Mwili ulinisisimka, nikajishika tumbo. Ubao haukuwa na kosa, si upande wa Daulo wala wake. Gololi yenyewe ilikuwa inazidi mwendo, inazidi na kuzidi, na hakuna aliyeisukuma! Prosdocimo akajaribu juu ya mlango, akajaribu juu ya benchi. Ni yaleyale.

Mtumishi wa mwalimu aliingia kuuchukua ubao, akatukuta tumeduwaa. Tulipomweleza, alicheka. "Sasa mnashangaa nini? Bwana wangu anataka kupima hilohilo: inazidi kwa kiasi gani. Mlidhani anataka mlango?"

Prosdocimo alitoka mbio na aproni yake kuelekea gatini, mimi nyuma yake nikihema. Mashua ilikuwa imeshashika mkondo, Daulo amekaa tezi, nyuma kabisa.

"Daulo! Pamenyooka!" shemeji alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Pamenyooka, mdogo wangu!"

Kwa umbali ule Daulo alisikia makelele tu. Alidhani bado anatukanwa, akatupa mgongo.