Namba Tatu, Watoto Wanne

Nyumbani kwetu watoto tulikuwa wanne na namba zilikuwa tatu. Kaka mkubwa alikuwa Mia Nne na Nne, dada Mia Tano na Nne, kaka wa pili Elfu na Mia Mbili. Majina ya ubatizo tulikuwa nayo, lakini baba aliyatumia shuleni na hospitalini tu. Nyumbani mtoto aliitwa kwa namba ya aina ya gari lililokuwa mikononi mwa baba siku alipozaliwa.

Baba alikuwa fundi magari Mbeya, kwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mwanjelwa. Tajiri huyo alipenda mashindano ya magari kuliko alivyolipenda duka lake. Yeye alinunua, baba akatunza, na Jumapili wakaondoka pamoja kwenda kula vumbi.

Namba hizo baba alitufundisha kwa makini, kama wengine wanavyofundishwa katekisimu. Ile mia nne na nne ya Kifaransa, alisema, sifuri yake iliwekwa katikati ili pawe na tundu la kuingizia hendeli ya kuzungushia injini asubuhi za baridi. Kama ni kweli sijui. Watu wa magari wana uongo wao mtamu. Mia tano na nne ndiyo iliyokuja baada yake, macho yamelegea, mgongo mrefu, na ndiyo iliyokwenda kwenye mashindano. Ubavuni baba aliichorea duara jeupe, na ndani ya duara akaandika kumi na saba kwa rangi nyeusi, bila rula. Elfu na mia mbili ulikuwa ukubwa wa injini ya kigari cha Kijapani kilicholia kama cherehani. Hicho tajiri alimpa baba siku ya kuagana, alipoachana na mashindano na sisi tukarudi kwetu Iringa, Kihesa.

Kigari kilikufa injini. Nilipozaliwa mimi kilikuwa uani, magurudumu yametolewa, kimekalishwa juu ya mawe.

“Gari lisilotembea halitoi namba,” kaka zangu walisema, wakaniita Wa Juu ya Mawe. Niseme ukweli, iliniuma. Nikiwa na miaka saba hivi nilimwomba baba anipe mia na tisa, namba ya Landrova ya misheni iliyokuwa ikipita kwetu. Alicheka mpaka akatoa machozi. “Ile gari sijawahi hata kuishika, mama. Nitakupaje?” Baba aliweza kumdanganya mtu juu ya mambo mengi, lakini siyo juu ya gari alilolishika na asilolishika. Nilinuna wiki nzima, na nadhani kanuno kadogo kalibaki moyoni mpaka nikawa mtu mzima mwenye cherehani zangu tatu Mwanjelwa.

Sasa baba amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Majina ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Kaka mkubwa, anayeishi naye Kihesa, aligundua mapema: akiingia na kusema jina lake, baba anamtazama kama mkaguzi wa tiketi. Akisema “Mia Nne na Nne,” uso wa mzee unafunguka na mazungumzo yanaanza. Namba zimebaki. Zimekaa mahali fulani ndani kabisa ambako ugonjwa haujafika.

Mimi nina jina tu. Nilikwenda mara tatu mwaka huu, mara tatu nikamtajia jina langu polepole na kwa sauti, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Mara ya tatu alinisogezea kigoda akaniuliza kwa upole, “Umetumwa na mchungaji?” Akamwita kaka anipatie chai. Kukaribishwa na baba yako kwa adabu ya mgeni kunauma kuliko kufukuzwa. Nilirudi Mbeya nimefura. Nilimkasirikia tajiri, nikayakasirikia magari, nikakikasirikia kigari kile kilichoshindwa kuvumilia mwaka mmoja zaidi.

Mwezi wa sita nikapanda tena basi la asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na dirisha lilikuwa jeupe kiasi kwamba nilihisi tunasafirishwa ndani ya pamba. Nilisinzia, nikaamka Makambako, nikasinzia tena. Kwenye misonobari ya Mafinga sikujua kama nimefumba macho au nimefumbua. Magari ya baba yalinipita moja moja, polepole, bila dereva na bila sauti, kila moja likiwa na duara jeupe ubavuni. Nilijaribu kusoma namba zilizoandikwa ndani ya maduara. Kila nilipoikaribia moja, iliyeyuka. Sikuogopa. Nilitamani tu moja isimame.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya saa sita, kutoka Mwanjelwa mpaka stendi ya Ipogolo, Iringa, na niliposhuka pale nilikuwa nimeshaamua.

Baba alikuwa barazani anaota jua, koti juu ya sweta, blanketi magotini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nani?”

“Mimi, baba. Mia Tano na Nne.”

Dada yangu ameolewa Songea na huja Krismasi tu, na kaka alikuwa ndani, kwa hiyo pale barazani hapakuwa na wa kuniumbua. Baba alinyoosha mikono yote miwili. “Mwanangu! Umetoka Songea lini? Njia haijakusumbua?” Alinivuta nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, akaushika mkono wangu, akaanza. Alinipeleka kwenye vumbi jekundu, kwenye kona ambazo tajiri alizikata akiwa anacheka, kwenye daraja la mbao lililolia chini yao. Kumi na saba yetu ilivyofunikwa na tope, alisema, hata waamuzi walikuwa hawaisomi, alilazimika kushuka aifute kwa shati lake. Jua lilikuwa zuri. Mkono wake ulikuwa na joto. Nilikuwa nakula chakula cha dada yangu, nikaona aibu, na bado nilifurahi kama mtoto.

Kisha alitazama uani, akainama kidogo, akashusha sauti.

“Na mdogo wako? Yule wa mwisho?”

“Yupo Mbeya, baba.”

“Haji.”

Ningemwambia nini?

“Ninyi wengine nilikuwa nawaona kwenye kioo,” alisema. “Mko nyuma mnapiga kelele, mimi macho barabarani. Yule nilimshika mkono. Gari haipo, tufanyeje? Kila asubuhi mpaka shule, mimi na yeye. Maswali yake! Anauliza mpaka mawingu yanalala wapi. Nikimwacha pale getini narudi peke yangu, naona njia imekuwa ndefu.”

Nilikuwa nimesahau. Jamani, nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote nilikumbuka gari lisilotembea, sikumkumbuka mtu aliyetembea.

“Alikuwa hana namba,” nilisema.

“Namba ya nini?” Alinitazama kwa kunishangaa. “Ninyi mtanisamehe, mwanangu, nawachanganya siku hizi. Wakati mwingine mtu anaingia hapa simjui. Lakini yule hata akija usiku wa giza nitamjua.”

Kaka alitoka ndani na birika la chai, akaona uso wangu, akarudi ndani.

“Mwambie aje,” baba alisema. “Mwambie namsubiri.”

“Nitamwambia, baba,” nikajibu, na mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake.